Simu ya Dirishani

Mjukuu wangu Mghoi,

Hongera kwa nyumba mpya. Huku Bura tu wazima, babu yako akiwemo, ingawa anailaumu chai yangu. Umeuliza sisi tulivutaje simu kwa bei nafuu tulipohamia hapa. Ghali zilikuwa nguzo. Fundi kutoka Voi akasema tukizikata na kuzisimamisha wenyewe, tutalipia waya tu. Tukawaita majirani kwa ujima, kama wakati wa kulima. Shimo langu lilipinda, wakanicheka.

“Na sisi tutapata nini?” akauliza jirani yetu, Mama Mkamburi.

“Simu itakaa dirishani,” nikamjibu. “Mtaongea mkiwa nje, hata nikiwa nimelala.”

Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya binti yake, kutoka Mombasa. Nilimwona Mama Mkamburi ameegemea dirisha langu, anacheka huku anafuta machozi, na kijumba changu nikakiona kikubwa kuliko vyote mlimani.

Nyanya yako