Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Manyatta, Kisumu

Mama Wambui wangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Kifua chako kimetulia, au baridi ya Ol Kalou bado inakusumbua? Mimi mwili hauna shida, na viazi ulivyotuma vimeisha vyote sokoni. Juzi kwenye simu uliniuliza mbona sauti yangu iko chini, nikakujibu ni uchovu. Haukuwa uchovu.

Unamkumbuka Mama Achieng, yule anayeuza maharagwe kando yangu, ambaye mguu wake mmoja haukunjiki. Wiki jana dada yake mkubwa alitolewa hospitali bila matumaini akarudishwa nyumbani, ndani huko kupita Awasi, na akawa anamwita. Kwa mguu ule Mama Achieng hawezi kubanana kwenye matatu wala kupanda pikipiki. Nikamwambia nitampeleka na pikapu.

Kelele za pikapu yetu unazijua. Ule mlio wa springi za nyuma kwenye matuta nimeshauzoea. Lakini baada ya Ahero nikasikia mwingine, kok, kok, kila nikikata kona, unatoka mbele kushoto. Usukani nao ukaanza kuvuta upande. Kufika Awasi nikaona siwezi kuendelea na mama wa watu namna hiyo, nikaingia gereji ya kando ya barabara.

Fundi, jina lake Omondi, aliniuliza kama inagonga kwenye kona, kwenye matuta, au nikishika breki. Nikasema kona. Akaniambia nizungushe usukani huku na huku, yeye amelala chini, kiganja kwenye viungo vya chuma, kimoja baada ya kingine. Akapata bushi, ile raba ya kwenye kiungo, imelegea, akaikaza. Tukaijaribu barabarani, bado inagonga. Saa zinaenda.

Hapo nikamwambia Mama Achieng nitamtafutia teksi. Alitazama barabara kidogo, akasema, "Baba Wambui, tumetoka pamoja. Nitangoja." Nami sikusisitiza. Nakuambia ukweli, nilifurahi kwamba haniachi peke yangu pale. Hilo ndilo linalonila mpaka leo.

Omondi akapiga jeki, gurudumu likaning'inia, akapitisha mtaimbo chini ya tairi na kuinua. Gurudumu likaruka na mlio ule ule. Boli joint ya chini, ile inayoshika gurudumu lisichomoke, ilikuwa imelika kabisa. Akaniambia, "Mzee, hii ingekutoka hapo mbele, tairi ilale, na nyinyi mko mbio." Nyingine haikuwako Awasi. Mtu wa boda akatumwa Kisumu. Mama Achieng akakaa juu ya kreti ya soda, mguu ameunyoosha mbele, simu mkononi. Kila akipigiwa alisema tunakuja, tuko karibu.

Simu ya mwisho alisikiliza tu. Aliitia kwenye mkoba, akamwuliza Omondi kama amemaliza. Omondi alikuwa anakaza nati.

Tulifika gari likiwa kimya kabisa. Uani watu walishajaa, wanawake wanalia. Binti wa marehemu akasema mama yake, kila akisikia gari, alikuwa akiuliza kama ni sisi. Nikabaki kando ya pikapu, najifanya naangalia tairi. Najua tungeendelea vile huenda tungepinduka. Lakini ningemtia kwenye teksi, angemkuta dada yake bado yu hai.

Mzee mmoja wa pale akauliza yule aliyesimama nje ni nani. Mama Achieng akatoka mwenyewe na fimbo yake, akanishika mkono, akaniingiza hadi walipokaa ndugu. Akawaambia, "Huyu ndio amenileta. Mpeeni maji." Nikapewa, nikanywa wakinitazama wote.

Bado yuko huko matangani. Meza yake sokoni naishughulikia mimi, maharagwe yake nauza pamoja na viazi vyetu. Wateja wake wakiuliza, nawaambia amefiwa. Zaidi ya hapo sijaweza kumwambia mtu, ila wewe.

Nisalimie Wambui wetu, mwambie asome. Na dada yako Ruth mshonaji, na baba mdogo Gitau anayetuangalizia shamba. Mama yangu naye, mwambie mwanawe anamkumbuka.

Ni mimi, wako hata nikiwa mbali,

Baba Wambui