Vishikwambi vya Kabatini

Mwenzangu, uko? Yamenikuta. Usimwambie mtu.

Unaikumbuka ile ripoti yangu? Ile ya vishikwambi arobaini tulivyopeleka shuleni, nikaandika kwamba watoto wanavitumia kila siku na ufaulu umepanda maradufu? Leo tumewapeleka wafadhili wakajionee.

Mwalimu mkuu akatoa funguo tatu. TATU! Akafungua kabati. Vyote arobaini vimo, na nailoni zake, havijawahi hata kuwashwa. Na anajisifu: "Hata mkwaruzo hamuoni."

Hata mkwaruzo!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana yale mahojiano niliyafanya kwa simu, si unanijua. Nilimuuliza, "Vishikwambi vinaendeleaje?" Akasema, "Vizuri sana, hakuna hata kimoja kilichoharibika." Mengine nikayajaza mwenyewe.

Mfadhili akauliza, sasa ufaulu ulipandaje?

Mwalimu mkuu akajibu: "Niliwaambia wanafunzi, atakayepata themanini ndiye atakayegusa kishikwambi. Wamesoma kama wamepagawa!"

Bosi wangu, bila haya, akadakia: "Mnaona? Teknolojia inafanya kazi hata ikiwa kabatini."

Haki ya Mungu, mfadhili akaandika! Wanaongeza shule kumi.

Hapo binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nilipata tisini na moja. Sasa naweza kukigusa?"

"Ngoja wageni waondoke."

Akafunga kabati, funguo zote tatu. Nasi wageni tukapiga makofi.

Mimi ndiye niliyeanza.