Pasipoti Mpya ya Mama

Kaka yangu,

Huku tu wazima, na paa halivuji tena. Ulisema jamhuri yetu hii tuliyojitangazia haitamaliza mwezi. Leo ina miezi mitano, na pasipoti zake nazishona mimi, kwa cherehani ileile ya mama.

Macho ya mama yamezidi kufifia. Hospitali iko ng'ambo ya mpaka, naye alikataa katakata kusafiria pasipoti ya wakoloni. Jana nilimsindikiza. Afisa wa mpakani aliigeuzageuza yetu, akauliza, "Nchi gani hii?"

Mama akamjibu, "Ile niliyotoka asubuhi."

Akagonga muhuri.

Atapasuliwa Jumatano. Akirudi nyumbani anataka kukuona kwa macho yake. Ila kwa pasipoti yako hiyo ya zamani, utahitaji viza. Uombe kwa adabu.

Mdogo wako,
fundi cherehani wa serikali