Siku Mialoni Ilipolowa

Jumapili, 16 Juni

Nimeshinda. 6-2, 6-4. Mechi ya kwanza ya mchujo. Haya ni mashindano yangu ya tatu ya kulipwa, na mara mbili zilizopita nilifungasha begi Jumapili hiyohiyo. Leo begi liko chini ya kitanda. Soksi zimekuwa nyekundu kwa udongo wa kiwanja, Mama akiziona atanung'unika wiki nzima.

Mwalimu Pimenta hasifu mtu. Ananifundisha tangu nina miaka tisa, kwenye kile kiwanja cha nyuma ya zimamoto pale mjini kwetu Coruche. Sasa nina kumi na minane. Leo kasema, "Hukuharibu." Kwake hiyo ni hotuba.

Nimempigia Baba. Alikuwa anakula. Msimu wa kubambua magome ya mialoni, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa, umepamba moto — anaamka alfajiri, anashinda mialonini na shoka, jioni anatafuna huku amefumba macho. Nikamwambia nimeshinda.

"Kwa hiyo kesho unarudi?"

Baba, anayeshinda ndiye anayebaki.

"Mchezo wa ajabu," akasema. "Kwetu aliyemaliza kazi ndiye anayerudi nyumbani."

Jumatatu, 17 Juni

Nimefuzu! Mwitaliano alinipiga seti ya kwanza kama ngoma. 1-6. Ya pili akaanza kutafuta kivuli kila tukibadilisha upande. Mimi jua nimezaliwa nalo. Ya tatu alikuwa hoi.

Keshokutwa raundi ya kwanza ya mashindano yenyewe. Ukishinda hapo unapata pointi. Mimi sina hata moja. Kwenye orodha ya wachezaji wa dunia siyo kwamba ni wa mwisho — simo.

Jumanne, 18 Juni

Nimefua. Nimelala. Mwalimu kanipeleka kula konokono, halafu kanikataza sahani ya pili. Kala yeye.

Nimepangwa na Mafalda Quintela wa Lisbon. Kati ya wote, yeye.

Jumatano, 19 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Mafalda ndiye aliyenibatiza jina la Kizibo, kwenye mashindano ya watoto, aliposikia kazi ya baba yangu. Tulikuwa na miaka kumi na mbili, na jina likanata. Leo asubuhi, tukiwa tunafunga kamba za viatu, akaniuliza, "Kizibo, umekuja kuziba nafasi ya nani?" Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka pia, nikakaza kamba zangu.

Ni mchezaji mzuri, sitamnyima haki yake. Anapiga mpira kama anafunga mlango. Seti yangu, seti yake. Ya tatu nilikuwa nyuma 2-5, na yeye ndiye anaanzisha, pointi mbili tu amalize. Sijui nini kilinijia. Sikufanya maajabu, niliurudisha tu kila mpira. Mrefu, mfupi, mbovu, ilimradi urudi. Akaanza kukasirika. 5-5. 6-6, tukaingia mchezo wa kuamua. Pointi ya mwisho alipiga kwenye neti, akabaki anautazama ule wavu kama umemsaliti.

Tukapeana mikono. Nilidhani ataniuma. Akasema, "Kizibo kweli hakizami." Kisha akanikumbatia, jasho kwa jasho, akaniambia nisipofika nusu fainali ataona aibu kwamba alifungwa na mimi.

Nina pointi. MOJA. Nimo!

Mama kapiga kelele simuni hadi majirani wakamuuliza kama kuna msiba. Baba kachukua simu: "Hiyo pointi unaihifadhi wapi?"

Nikamwambia iko kwenye kompyuta za wakubwa, imeandikwa jina langu.

"Iria Caldeira?"

"Iria Caldeira."

"Vizuri," akasema. Nikampenyezea: nikishinda kesho, Ijumaa ni robo fainali, njoo.

"Gome halingoji, binti yangu. Joto likipita linang'ang'ania mti, hata uligonge namna gani haliachii."

Najua. Mechi zangu kubwa zote huwa kiangazi, na magome yote hutoka kiangazi. Hajawahi kuniona nikicheza hata mara moja. Simlaumu, miti ndiyo iliyonilisha. Lakini naandika hapa kwamba ningependa.

Alhamisi, 20 Juni

6-1, 6-3. Sijawahi kucheza hivi. Mpira ulikuwa mkubwa kama tikiti. Mwalimu alinitazama nilipotoka. Akaninunulia aiskrimu.

Kesho ni Mhispania, Nerea Olmedo, miaka ishirini na saba. Nikishinda nafika nusu fainali, na wiki ijayo naingia moja kwa moja mashindano ya Porto bila mchujo.

Sikumwomba Baba tena. Mama anasema jana usiku alimpigia Mzee Custódio, msimamizi wao wa kazi, kumuuliza robo fainali ni kitu gani. Mzee kamjibu: wanabaki wanane, wanne wanalia.

Ijumaa, 21 Juni

Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mechi imesimama, mvua. Nisipoandika nitatafuna kucha.

Ilianza alfajiri. Mvua ya Juni, nani aliitegemea? Mechi ikasogezwa hadi mchana. Natoka kupasha mwili, naona kigari cha mizigo nje ya uzio. Kigari cha kina Mzee Custódio. Wanaume sita, buti zina matope, wamebeba mkate na soseji kama wanakwenda kazini. Na Baba katikati, kavaa kofia yake ya kazi.

"Miti imelowa," akaniambia. "Mti uliolowa haubambuliwi." Alijieleza kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

Nikaingia kiwanjani. Seti ya kwanza 3-6, nilipiga mipira hadi barabarani. Baba alipiga makofi Nerea alipokosea. Mwalimu akamnong'oneza kwamba hilo halifanywi. Baba akaitikia kwa kichwa. Nerea akakosea tena, Baba akapiga makofi tena. Nerea mwenyewe alicheka. Na mimi nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonifungua. 6-4 ya pili.

Ya tatu 4-4, 30-30, manyunyu yakawa mvua.

Baba kaja mlangoni na kipande cha mkate. "Kwa nini unamrudishia mpira vizuri namna hiyo? Mtupie asikokuwepo."

Mwalimu Pimenta, nyuma yake: "Namwambia hivyo miaka tisa."

Wakatazamana. Baba akamkatia mkate naye.

Mvua imekatika. Jua limetoka kali, kiwanja kinatoa mvuke, wanapitisha brashi kwenye mistari. Dirishani namsikia Mzee Custódio: kwa jua hili, mialoni ya kilimani itakuwa imekauka wakifika, nusu siku ya kazi si ya kutupa. Jamani, twendeni. Baltazar, twende, anamhimiza Baba.

Milango ya gari inafungwa.

Injini imewaka. Nimepanda kwenye benchi nichungulie. Watano wako garini. Baba amesimama kando, mkono juu ya mlango, anaangalia jua. Sijui anafikiri nini. Sasa anamwambia Mzee kitu, kifupi. Mzee anatikisa kichwa, anacheka, anaondoa gari.

Baba anarudi jukwaani peke yake. Anavua koti, anafuta nalo kiti kilicholowa. Anafuta na cha jirani, cha Mwalimu. Anakaa.

Mwamuzi anatuita. 30-30, naanzisha mimi, na Baba yuko jukwaani.