Vitabu Nilivyoviita Historia

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefuta vumbi rafu tatu. Mchwa wamerudi kwenye ile ya dirishani. Nimepaka mafuta ya taa, chumba kizima kinanuka, na bado siwaamini.

Wasomaji wanne tu. Wawili walikuja kukwepa jua. Mmoja aliuliza kama nina gazeti la michezo. Wa nne ni Mzee Masanja, mchochea moto wa boila, amerudisha kitabu cha vita vya Majimaji. Akanisimulia kama sheria yangu inavyotaka: hapewi mtu kitabu kipya kabla hajanisimulia cha zamani, hapa mezani, kwa sauti. Nilianza sheria hiyo enzi za darasa la watu wazima, nilipowafundisha kusoma wafanyakazi wa kiwanda hiki cha mafuta na sabuni. Masanja alikuwa mmoja wao. Amenizidi miaka kumi na zaidi, namwamkia shikamoo, na yeye mpaka leo ananiita mwalimu.

Tatizo ni kwamba amemaliza. Historia zote thelathini na nane nilizo nazo amezisoma, nyingine mara mbili. Hadithi hataki kuzisikia.

"Za watoto hizo, mwalimu. Mimi nina wajukuu."

Sikumbishia. Na mimi nimesema hivyo miaka yote. Stoo kuna maboksi mawili ya hadithi za vijana, tuliletewa na mchapishaji mmoja wa Dar alipofunga biashara. Sikuwahi hata kukata kamba.

Leo nimekata. Juu kabisa kulikuwa na kitabu cha kijani, jaladani mtemi ameshika mkuki. Nikadhani historia imepotea njia. Nikampa Masanja bila kufungua ukurasa hata mmoja. Mkutubi mzima mimi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimecheka, kisha nimeogopa.

Masanja karudisha kile cha kijani saa ya chakula, chumba kikiwa na watu saba. Akasimama mezani akasimulia. Mtemi aliyemfungia nyoka wa mvua ndani ya jiwe ili nchi jirani zife kwa ukame. Binti wa miaka kumi na minne aliyelipasua jiwe kwa kuliimbia. Nyoka akatoka, akanywa ziwa nusu, akalitapika juu ya mashamba. Masanja anasimulia kama shahidi mahakamani. Akasema jiwe lenyewe analijua, liko Ilemela, lina ufa toka juu hadi chini, na bibi yake alikuwa akipita hapo kimya kimya.

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja wa lori la mbegu akaniomba hicho hicho. Mwanamke wa chumba cha kufunga sabuni akauliza kama kuna kingine cha mtemi huyo.

Nilipaswa kusema: ni hadithi, imetungwa na mtu, jina lake liko hapa. Nilinyamaza. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wamepanga foleni. Mara ya mwisho kuona foleni mezani kwangu sukari ilikuwa bado inagawiwa kwa kadi.

Jumatatu, 13 Machi

Nimesoma vitabu vitano tangu Ijumaa. Jana sikwenda hata misa. Mungu anisamehe, nilikuwa na mji ulio chini ya ziwa ambako waliozama wanafanya kazi ya ukarani, wanaandika majina ya samaki. Nilikuwa na msichana aliyeuza kivuli chake akakaa akikidai. Nimelia kwa ajili ya kivuli! Mimi niliyemkemea mpwa wangu kwa kusoma upuuzi.

Miaka kumi na tisa nimekaa na vitabu na nilikuwa nimechagua upande mmoja tu, kama mtu anayekula ndizi kila siku akaapa hakuna chakula kingine. Naona haya. Nina furaha pia. Sijui niviweke wapi vyote viwili.

Jumanne, 14 Machi

Furaha imekaa siku moja.

Meneja Utumishi ameniita. Tangu kiwanda kiuzwe hataki kuitwa Ndugu, ni Bwana. Jengo la klabu, ilimo maktaba, litakuwa ghala la makopo. Maktaba inafungwa mwisho wa mwezi. Niorodheshe vitabu vyote kwa mafungu: ufundi, historia, hadithi. Kila fungu karatasi yake. Mwenye mali mpya ataamua kipi kiende wapi.

Nilitoka. Tausi, karani wake wa kupiga taipu, akanishika mkono pale mlangoni akaninong'oneza kwamba amesikia: mwenye mali hapendi hadithi, anasema zinawapotezea watu muda. Zitachomwa kwenye boila.

Boila yetu inakula maganda ya mbegu za pamba. Inakula chochote.

Sina mume, sina mtoto, mpwa wangu yuko Bukoba. Duniani hakuna mtu anayeniuliza jambo lolote isipokuwa kitabu. Wakivichoma, nitakuwa nani? Naandika hivi na sioni haya.

Jumatano, 15 Machi

Nimepata njia.

Masanja ameshasema ni historia. Watu saba wamesikia. Basi na iwe historia.

Nimepika gundi ya unga wa muhogo. Nimebandua lebo za hadithi za vijana, nilizobandika na kuandikisha tangu nifungue maboksi, moja moja, nimebandika za historia. Vitabu sitini na viwili. Mji wa chini ya ziwa: Historia, Kanda ya Ziwa. Msichana wa kivuli: Historia, Biashara. Kwenye hiyo nimecheka peke yangu mpaka machozi. Nimebadilisha na rejista, kwa wino ule ule.

Dhambi? Labda. Nitaungama vikishapona.

Ijumaa, 17 Machi

Nimepeleka orodha. Historia: mia moja. Hadithi: kumi na moja, zile za mapenzi zilizochanika, nilizoona kwamba zikichomwa hazitaliliwa na mtu. Meneja akapiga muhuri bila kusoma.  Jioni nimekaanga sato, nimekula wote.

Jumatatu, 20 Machi

Nimekwisha.

Amri imetoka, imebandikwa ubaoni. Mke wa mwenye mali anafungua shule ya watoto ya kulipia huko Ilemela. Hadithi zote ziende shuleni kwake. Vitabu vya ufundi vibaki karakana. Historia, kwa kuwa ni "siasa za zamani zisizo na matumizi", zichomwe boila siku ya Ijumaa.

Nilisoma mara tatu. Tausi alikuwa nyuma yangu. Akasema alisikia vibaya, au aliyemwambia alisikia vibaya, naye akaanza kulia, na nilitamani kumzaba kibao. Nikamwacha. Kosa si lake. Ni mimi niliyechukua neno la mlangoni nikalifanyia kazi siku mbili kwa gundi.

Vingepona. Kama ningekaa kimya na uvivu wangu, vyote sitini na viwili vingepona. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na nimevivuta na vitabu.

Tena kuna jambo jingine. Meneja alinikuta koridoni akasema shule inataka mkutubi, na jina langu limeshapelekwa. "Una bahati, mama," akasema. Nikamshukuru! Mdomo huu.

Jumanne, 21 Machi

Sikulala. Sikula.

Nikikaa kimya napata kazi: maktaba mpya yenye vitabu kumi na moja vya mapenzi vilivyochanika, na watoto wa watu wanaokuja kuuliza kitu nisichonacho. Nikisema, nimeghushi rejista, na kazi imekwenda.

Nimefikiri kuviiba. Mlinzi anapekua mikoba getini kwa sababu ya sabuni. Ningetoa vitatu, labda vinne, chini ya khanga. Vitabu gani? Nilivipanga mezani nichague. Sikuweza. Kila nilichokiacha kilinitazama.

Masanja alipita akaniona nimevipanga hivyo. Ameshaambiwa kwamba Ijumaa ni zamu yake.  Aligusa rafu ya historia kwa kidole, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi kwenye moto wake.

Jumatano, 22 Machi

Nimesema.

Nilikwenda kwa Meneja asubuhi kabla ujasiri haujapoa. Nikamwambia orodha ni ya uongo, sitini na viwili ni hadithi, nimebandika lebo mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyepewa noti bandia na padri.

Kisha akakataa kuniamini. Akasema nadanganya leo, sikudanganya juzi, kwamba nataka kuokoa historia kwa kuziita hadithi. Na kweli ningeweza kufanya hivyo! Wazo lenyewe alinipa yeye, akiwa ameshaifunga njia hiyo. Akataka shahidi. Nani amevisoma? Tausi, masikini, akijaribu kunisaidia, akasema: Mzee Masanja amesoma vyote.

Wakamwita. Akaja na majivu mikononi, akayafuta kwenye suruali kabla ya kugusa vitabu. Meneja alikuwa ameagiza boksi la vitabu kutoka rafu ya historia. Akawa anainua kimoja kimoja. Hiki? Historia, bosi. Hiki? Historia. Majimaji, historia. Njia ya pembe za ndovu, historia. Akafika kile cha kijani. Masanja akatabasamu.

"Hicho ndicho cha kweli kuliko vyote, bosi. Jiwe lenyewe lipo. Nitakupeleka ukitaka."

Alikuwa anakitetea. Alidhani anakiokoa kwa kukisifu. Meneja akanigeukia, ameinua nyusi.

Nilikuwa na sekunde moja. Nikasema, "Mzee, hicho ni hadithi. Mtu ameketi akakitunga. Nilikupa kwa makosa, na nilijua tangu ile Ijumaa uliyotusimulia."

 Aligeuza kitabu akatafuta jina la mtunzi, akalisoma taratibu kwa midomo, silabi kwa silabi, kama nilivyomfundisha. Akakiweka mezani. Watu wawili kutoka uhasibu walikuwa mlangoni, mmoja akacheka. Nikaona sikio la Masanja limebadilika rangi.

"Kumbe nilikuwa nawasimulia watu uongo," akasema. Akaomba ruhusa ya kurudi kazini.

Meneja alipouona uso wake akaniamini, na orodha imeandikwa upya. Sitini na viwili vinakwenda shuleni. Mimi siendi. Historia thelathini na nane zimebaki pale pale.

Nimeokoa nilichotaka kuokoa. Najichukia.

Ijumaa, 24 Machi

Nilikwenda boila. Hakuna aliyeniita.

Vitabu vilikuwa kwenye toroli, juu ya maganda. Nikamwamkia Masanja shikamoo. Akaitika marahaba, si zaidi. Nikasema nitamsaidia. Akasema hapana, ni kazi yake, ameandikiwa.

Alikuwa anasoma jina la kila kitabu kabla ya kukitupa. Kwa sauti ndogo. Hakuruka hata kimoja. Kile cha Majimaji alikishika kidogo, kikapinda kwa joto mkononi mwake, akakiachia. Karatasi haiungui haraka kama watu wanavyodhani. Vitabu vinafunguka kwanza.

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Alifunga mlango wa boila kwa fimbo ya chuma, akaangalia saa ya kupimia mvuke, akaandika kipimo kwenye daftari lake. Mwandiko ule niliufundisha mimi.

Nimekabidhi ufunguo. Nimelia njiani hadi Nyakato, mchana kweupe, watu wakinipisha.

Jumapili, 26 Machi

Nimekwenda misa ya kwanza. Mvua kidogo asubuhi, kisha jua. Nimefua.

Saa kumi Masanja amekuja. Ametembea kutoka Igoma, viatu vina matope. Sikumtegemea. Nilimkaribisha kiti, nikaweka chai. Nyumbani kwangu hakuna kitabu hata kimoja, na aliliona hilo, akatazama ukuta.

 Aliulizia afya yangu, nikaulizia wajukuu. Hakuniita mwalimu. Kikombe cha pili kilipokuwa nusu ndipo akauliza alichokuja kuuliza.

"Na vile nilivyochoma, navyo vilitungwa?"

Nilimwambia hapana. Vile vilikuwa vya kweli, vyote.

Akaitikia kwa kichwa. Akamaliza chai, akashukuru, akaondoka kabla giza halijaingia. Nadhani alitaka nimdanganye.