Zimevimbiwa, Hazina Njaa

Shoga yangu, siamini alichoniuliza bosi sasa hivi!

Unazijua zile seli za panya ninazozikuza kwenye tangi. Juzi kaziona zimedumaa, akafoka: "Zina njaa hizi, ziongeze sukari!" Nikamwambia hesabu zangu zinaonyesha zimevimbiwa. Sukari ikizidi zinatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoziua.

Akacheka mbele ya maabara nzima. "Hesabu ndiyo itufundishe kulisha seli? Mimi nakadiria kwa macho!"

Kwa macho! Seli zisizoonekana kwa macho!

Nikaufunga mrija wa sukari palepale, nikamwambia akitaka anifukuze.

Leo tumepima. Asidi imeshuka, seli zimezaana maradufu.

Ndipo kaja kuninong'oneza: "Kesho tuzipe kiasi gani?"

Nikamjibu: "Kadiria kwa macho, bosi."