Mshahara wa Watu Wawili

Leeds, 6 Januari 2025

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepunguza maumivu na Mji wa Kale wote hawajambo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitoa machozi.

Hatimaye nimefungua akaunti ya benki! Benki walitaka barua yenye anwani yangu, na mwenye nyumba hatoi chumba kwa asiye na akaunti, mpaka kazini wakaniandikia barua hiyo. Kisha mwenye nyumba akaniuliza nimewahi kukopa wapi. Nikamjibu kwa maringo kuwa sijawahi kudaiwa hata shilingi. Akatikisa kichwa kunihurumia! Mlitufunza dawa ya deni ni kulipa. Huku lazima kwanza uugue ndipo wakuamini. Basi nimechukua kadi ndogo ya mkopo, ili iandikwe kuwa nakopa na nalipa. Nanunulia mkate, nalipa yote kabla ya tarehe, riba isinipate.

Mwanao,
Ruweida

Mombasa, 9 Januari 2025

Mwanangu Ruweida,

Marahaba. Goti lapanda ngazi likinung'unika, alhamdulillahi. Barua naiandika kwa mkono na kuipiga picha, maana simu ya sauti mtaa mzima husikiza.

Sasa niambie: nani huwapelekea habari kuwa umelipa huo mkate? Na wakiandika uongo, washtakiwa wapi?

Jambo jingine. Janet, binti wa Mama Zilpah wa Bondeni, ameanza kazi huko huko Leeds, na akaunti hana bado. Mshahara wake na upitie kwako. Hapa simu yangu hupokea pesa za Mejumaa kutoka Maskati na za Abdulhalim aliyepoteza kitambulisho, na hakuna aliyewahi kuuliza. Msaidie.

Mamako

Mombasa, 2 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Wiki nzima hujaniandikia.

Zilpah alikuja jana. Asema Janet hajauona mshahara wake wa Februari, na wewe wamwambia asubiri tu. Nilimjibu kuwa mwanangu hali cha mtu. Alipoondoka nikakaa, nikajiuliza. Nisamehe kwa kujiuliza, lakini nijibu.

Mamako

Leeds, 3 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Sijala pesa ya mtu. Benki wamefunga akaunti yangu, na mishahara yetu yote miwili imo ndani. Waliona mshahara wenye jina la Janet ukiingia kwangu, wakadhani wezi wanapitishia pesa kwangu. Wakikata shauri hivyo, jina langu litatiwa alama, na kwa miaka hakuna benki itakayonipokea. Chumba nacho kitakwenda.

Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiwe uliyenituma, sikutaka ujilaumu. Lakini uliponishuku niliumia, mama. Tafadhali andika ulivyoniagiza, na Mama Zilpah naye aandike, niwapelekee benki.

Mwanao

Mombasa, 4 Machi 2025

Mwanangu,

Pole sana. Barua zetu mbili hizi hapa, na picha za vitambulisho. Zilpah aliandika huku analia. Kosa ni langu: nilikutuma kwa desturi ya mtaa wetu, kwa watu wasioujua mtaa wetu. Nisamehe.

Hivi hawangeuliza majirani tu?

Mamako

Leeds, 21 Machi 2025

Mamangu,

Shikamoo. Goti je?

Wamefungua! Afisa mmoja mwanamke alizisoma barua, akanihoji saa nzima. Mwisho akataka kujua wewe wapokea pesa za watu wangapi. Nikamwambia hata mwenyewe hujui. Akacheka, kisha akanionya nisirudie. Janet amepata pesa zake, na chumba ninacho.

Lakini jana Kazungu, mwenzetu wa Kisauni aliyefika juzi, alinijia na ombi lile lile. Nikamkatalia. Akaacha chai nusu, akaenda zake. Naona haya. Mama, nimekuwa mtu wa namna gani?

Mwanao

Mombasa, 22 Machi 2025

Mwanangu,

Goti limetulia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, usione haya. Akaunti usimpe. Mpe siku moja ya kazi yako.

Mamako

Leeds, 25 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Leo sikwenda kazini. Nimekaa na Kazungu benki tangu saa tatu asubuhi, twangoja kuitwa. Amekwisha kuniuliza mara mbili watataka karatasi gani kwanza. Mimi siku yangu sikuwa na wa kumuuliza.

Mwanao